Dawa ya Musoki Iliyogawanywa

Mireille wa Rwambuzi mwenyewe ndiye alinielezea haya, msimu huu wa mvua, tukichambua maharagi. Alisema niyaandike, wengine wasikie.

Kwa wifi yake Musoki, kulikuwa na furaha. Baada ya miaka ya kulia, madaktari wa Kampala walimsaidia kupata mimba, wakampa dawa ya homoni ya kuishikilia. Kipimo cha kwanza cha damu kilionyesha homoni iko juu. Musoki aliimba jikoni.

Mireille naye hakuwa na mtoto. Akamwambia: "Yaya, dada yangu, kwako homoni iko mingi. Unigawie. Ao unataka kuzaa peke yako mu hii familia?"

Musoki akacheka. "Weye na hiyo mudomo! Kamata."

Nani kwetu humnyima ndugu? Basi dawa ya asubuhi ikawa ya Musoki, ya jioni ya Mireille.

Damu ya mwezi ya Mireille ikachelewa. Alikuwa akichagua jina la mtoto kimoyomoyo aliposikia sauti ya Musoki kutoka chooni: "Mireille! Damu!"

Walipanda pikipiki mpaka hospitali. Mireille alimshika Musoki kiuno.

Daktari alisoma kipimo kipya, akakunja uso. "Homoni imeshuka sana. Unatumia dawa yote?"

"Yote, dokta," Musoki alisema, macho chini.

Mireille akaelewa kwamba Musoki anamficha ili asilaumiwe. Akisema, familia itamwita muuaji. Akinyamaza, mtoto atatoka.

"Hapana, dokta. Nusu iko natumia miye."

"Mama! Homoni ilikuwa juu sababu ya hiyo dawa. Mwili wake haiwezi peke yake!"

Wakafanya ekografi, kumtazama mtoto tumboni kwa mashine. Mireille alikazia kioo macho.

"Moyo ya mutoto iko napiga," daktari alisema. "Lakini siahidi kitu. Na weye, hiyo dawa inachelewesha damu. Tukupime." Mireille hakuwa na mimba.

Usimcheke, wewe unayesoma.

Nyumbani Mireille alitaka kuondoka kwa aibu, lakini Musoki alimwambia, "Usiende." Mvua ya mchana ikapiga mabati, Musoki akalala. Mireille aliogopa kusinzia. Aliinua shuka, akatazama: safi. Akatazama tena: safi. Mwishowe akaweka kichwa penye miguu ya wifi yake, usingizi ukamchukua.

Fundisho

Dawa ya hospitali si sahani ya fufu, haigawanywi. Kipimo kikiwa kizuri, uliza daktari kabla ya kupunguza chochote. Na ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa watu. Musoki hajazaa bado. Tunangoja naye.