Maua ya Koko Clémence na Baridi ya Buffalo

Dative alikuwa na desturi yake. Akishuka kwenye basi jioni, amechoka mpaka miguu inawaka moto, hakuingia ndani kwanza. Alipitia uani kuyasalimia maua.

Alifanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye na mumewe Paluku walitoka Lubero, mashariki mwa Congo. Sasa waliishi Buffalo, huko Amerika, katika nyumba ya mbao ya zamani mtaa wa West Side. Maua yale yaliitwa dalia. Yalikuwa mekundu, manene, ya kumfanya mpita njia ageuze shingo.

Aliyeyapanda ni mama yake Dative, Koko Clémence; koko kwao ni bibi. Dalia huota kutoka viazi vinavyofanana na viazi vitamu. Koko aliviona viazi hivyo kwenye meza ya soko dogo la kanisani, akapiga kigelegele mpaka watu wakashtuka.

"Dalia! Kama ile ya mbele ya misheni ya kwetu!"

Septemba mwaka 2014, maua yakiwa yamechanua vizuri, Koko Clémence akafariki. Jeneza lake lilifunikwa kwa dalia zake mwenyewe. Lakini binti yake mdogo, Josiane, hakuwepo. Alikuwa hospitalini Louisville, mji wa mbali upande wa kusini, amejifungua kwa kupasuliwa. Alimzika mama yake kwa simu. Jambo hilo lilimkaa rohoni, likakataa kutoka.

"Yaya," alimwambia Dative, kama dada mkubwa anavyoitwa kwao, huku analia, "mwaka kesho, siku ya ukumbusho, nitakuja. Nataka kumuwekea Mama maua yake, ile alipanda na mikono yake. Si ya kununua. Unichungie ile maua."

"Nitakuchungia, mdogo wangu. Usilie."

Kuahidi ni rahisi, jamani. Dative hakujua anapambana na nani.

Mwishoni mwa Oktoba, asubuhi moja, alitoka kwenda kazini akabaki mdomo wazi. Majani yote ya dalia yalikuwa meusi, yamelala chini kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Jalidi ilikuwa imepiga usiku, ule umande unaoganda.

"Mungu wangu! Yamekufa!"

Paluku alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akainama, akafukua udongo kidogo kwa kidole.

"Majani njo yamekufa, Mama. Kiazi kingali kizima. Tukichimbe?"

"Tukichimbe kwa nini? Kwetu nani anachimbaka kiazi kama hana njaa? Kiazi kinakaa mu udongo. Udongo njo ghala yake."

Hapo Dative hakusema uongo. Kwao Lubero, viazi vitamu na majimbi hukaa shambani miezi na miezi. Mtu huchimba vya kula leo, vingine vikaendelea kungoja. Hivyo ndivyo Koko Clémence alivyomfundisha tangu utotoni.

Hata hivyo alimpigia Josiane simu, ili roho itulie.

"Acha mu udongo, Yaya," Josiane akasema. "Hapa Louisville, mtaa wetu wa Iroquois, niko na jirani mwenye dalia. Anakata, anafunika na majani makavu. Mwaka unaofuata zinarudi. Na baridi iko huku pia!"

Basi, maneno yakaisha. Dative alikata mashina, akarundika majani makavu juu yake. Halafu akatandika blanketi kuukuu, akalibana pembeni kwa mawe, utadhani analaza mtoto.  

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja kutoka Burundi, jina lake Caritas. Alifanya kazi katika nyumba ya vioo ya kukuzia maua. Ila wakati huo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Hilliard, karibu na mji wa Columbus, kumlea binti yake aliyejifungua. Alirudi katikati ya Desemba, akaja kuwasalimia jirani zake. Alipopita uani akasimama.

"Dada Dative, nani amelala huku nje?"

"Si mtu, Mama Caritas! Ni dalia za Mama. Nimezifunika."

Caritas hakucheka. Uso ulimbadilika.

"Lete jembe. Sasa hivi."

"Bon, na hii baridi yote?"

"Baridi hiyo hiyo ndiyo inayokula viazi vyako. Lete jembe!"

Paluku akalileta. Walianza na mashina ya karibu na uzio wa barabarani. Jembe liligonga udongo likalia, maana udongo ulikuwa umeganda. Paluku alipiga, akapiga tena, jasho likamtoka kwenye baridi ile. Hatimaye viazi vikatoka. Vilikuwa laini, vinachuruzika maji. Dative alikishika kimoja, kikapasukia mkononi.

Alikaa chini palepale kwenye theluji, akalia.

"Nimeua maua ya Mama. Josiane nitamwambia nini?"

Caritas alimshika bega.

"Hujaua mtu, dada. Ulifanya ulivyofundishwa, na ulifundishwa vizuri, ila kwa udongo mwingine. Kwetu udongo haugandi. Hapa unaganda. Kiazi cha dalia kimejaa maji. Maji yakiganda ndani, kiazi kinaharibika. Yakiyeyuka, kinaoza."

"Lakini jirani wa Josiane anaachaka zake mu udongo!"

"Louisville iko kusini. Kule baridi haiingii chini sana, na hata hivyo ni kubahatisha tu. Columbus nilikotoka, watu wanachimba. Buffalo ndiyo usiseme kabisa. Kila mji una baridi yake."

Lilibaki shina moja. Hilo Koko alilipanda karibu kabisa na ukuta wa nyumba. Chini ya ukuta kulikuwa na besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, na joto lake lilipenya udongoni. Paluku akagusa pale kwa jembe.

"Hapa ni laini!" akapiga kelele.

"Polepole!" Caritas akamzuia. "Anzia mbali, uzunguke. Usivute shina. Jicho la kuotea liko hapa juu, shingoni, kiazi kinaposhikana na shina. Shingo ikivunjika, kiazi hakioti tena."

Wote watatu walipiga magoti. Walichimbua kwa mikono. Kishada cha viazi kikatoka na udongo wake. Caritas alikibonyeza kiazi kimoja, halafu kingine.

"Vigumu," akasema. "Vizima."

Dative alikinyakua kile kishada, akakikumbatia. Alichafua koti lake la kanisani, wala hakujali.

Waliingia ndani, na Caritas akamwonyesha kila kitu taratibu. Kwanza walipukuta udongo, wakakata mizizi myembamba na kipande kimoja kilichoanza kuoza. Kisha wakakilaza kishada kichwa chini juu ya gazeti, ili maji ya ndani ya shina yatoke. Kikakaa hivyo besimenti mpaka ngozi ikakauka.

"Sasa nikitie mu sachet ya plastiki, nifunge vizuri?" Dative akauliza.

"Hapana! Ukifunga plastiki, kitatoka jasho na kuota ukungu. Tafuta boksi la karatasi. Ndani yake tia maranda, yale mabaki ya mbao fundi anapopiga randa. Hapa yanauzwa kwa ajili ya sungura wa kufuga. Kizike humo, kavu. Kinataka mahali penye giza, penye ubaridi, lakini pasipoganda."

"Halafu?"

"Halafu usikisahau. Kila mwezi fungua uangalie. Kilichooza, kata utupe. Kilichonyauka, nyunyizia maji kidogo, kidogo tu."

Jioni ya siku ile waliyochimba, Dative alijikaza, akampigia Josiane na kumwambia ukweli wote. 

"Ni mie nilikuambia uache mu udongo," Josiane akasema, sauti imepungua.

"Ni sisi wawili. Lakini kimoja kimebaki, mdogo wangu. Tuombe."

Januari ikaja na baridi ya kukata masikio. Dative alishuka besimenti kuangalia boksi, akakuta pale mahali ni patupu.  Akalitafuta, akaliona limekaa karibu na hita kubwa ya nyumba. Akalifungua. Viazi vilikuwa vimejikunja ngozi, vyepesi.

"Papa Paluku! Nani amesogeza boksi?"

Paluku alishuka ngazi akikuna kichwa.

"Ni mie. Nilionea ile kitu huruma. Niliona itasikia baridi."

Weee! Dative alitaka kufoka, kisha akalikumbuka lile blanketi lake uani. Kicheko kikamtoka bila kutaka.

"Sisi wawili tutaua hii maua kwa mapendo," akasema.

Walilirudisha boksi kwenye kona ya ukuta wa nje, mbali na hita. Dative alinyunyizia maji kwa vidole, akafunika. Mwezi uliofuata viazi vilikuwa vimejaa tena kidogo. Tangu hapo Paluku hakulisogelea lile boksi. Alisimama kwenye ngazi na kuuliza tu, "Mgonjwa wetu anaendelea?"

Aprili, Dative aliona vijicho vyekundu vimechomoza shingoni mwa kile kishada. Alikimbia ng'ambo ya barabara akiwa na kandambili.

"Mama Caritas, kinaota! Nipande leo? Jua liko!"

"Jua la Aprili hapa ni la kudanganya. Jalidi bado itapita. Ngoja mwisho wa Mei, udongo upate joto. Panda jicho likiangalia juu. Usimwagilie sana mpaka uone majani, la sivyo kitaoza."

Dative alingoja, ingawa mikono ilimwasha. Mwisho wa Mei alipanda palepale karibu na ukuta. Juni majani yakatoka. Agosti shina lilimfika begani, na chipukizi zikaanza kufunguka. Nyekundu ile ile.

Septemba Josiane alifika kutoka Louisville kwa gari, amembeba mtoto wake ambaye sasa alikuwa anatambaa. Hakuomba maji wala kiti. Alikwenda moja kwa moja uani. Alisimama mbele ya dalia akaigusa, akalia sana, na Dative akamwacha alie.

Makaburini watu wa kanisa waliimba. Josiane alipiga magoti na shada lake.

"Mama, nimechelewa," akasema. "Lakini nimekuja. Maua yako ni hii."

Akayaweka. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwepesi kuliko wakati wowote mwaka ule.

Njiani kurudi akamvuta dada yake mkono.

"Yaya, nipe kiazi kimoja nipeleke Louisville."

"Si sasa. Ngoja jalidi iue majani kwanza, viazi vikomae. Njo tutachimba, tugawe, kila kimoja na jicho lake. Sasa wewe huko utakiacha mu udongo?"

"Cha Mama? Siwezi kubahatisha. Nitatia mu boksi, mu maranda, mbali na hita."

"Sawa. Basi tukichimba nitakutumia."

Josiane alisimama.

"Usinitumie, Yaya. Mara ile sikuwa pale mkimshusha Mama mu udongo. Viazi vyake vikitoka mu udongo, nataka niwe pale. Ungoje nifike."

Dative alimngoja. Novemba ilipoingia, walipiga magoti wote wawili karibu na ukuta, wakachimba kwa mikono.