Majivu na Sauti ya Ukoko

Kwaru, kwaru, kwaru.

Jikoni kwa Janeth, gizani, kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria ya jana. Ukoko wa ugali ulikuwa umekauka, sasa unabanduka vipande vipande. Nje, ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji chote cha Gare. Ilikuwa kama dunia imejifunika blanketi, na aliyeamka ni kijiko tu.

Kisha pumzi zikasikika mlangoni. Majivu amekuja.

Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu. Alipokuwa mdogo alilala kando ya mafiga, na mchana alimfuata Yusta, binti wa Janeth, kila mahali. Sasa alikuwa na miezi tisa na miguu mirefu. Usiku alifunguliwa alinde nyumba. Kukipambazuka alifungwa mnyororo mpaka jioni, kama mbwa wengine pale kijijini.

Janeth aliweka kijiko chini. Akachukua mnyororo.

"Majivu, njoo."

Pumzi zikatoweka. Mbwa aliingia kwenye ukungu kama moshi unaorudi kwa moshi mwenzake.

"Amekukimbia tena, mama," Yusta alisema kutoka kitandani.

Janeth akatoka. Akaita kwa sauti ndefu, ile ya kuitana kutoka mlima hadi mlima. "Majivuuu!" Bonde likamrudishia sauti yake. Mbwa hakurudi. Huko chini, mbuzi wakaanza kulia.

Jua lilipochomoza, Mzee Nassoro, jirani wa chini, alipiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbwa wako amemkimbiza mbuzi wangu mwenye mimba. Mbuzi ameruka matuta, sasa anachechemea."

"Nisamehe, mzee."

"Mara ya kwanza nilikusamehe. Sina ugomvi na wewe. Lakini akirudi kwa mbuzi wangu, sitakuja kukuambia. Nitammaliza mwenyewe."

Yusta alisikia. Uji wake ukapoa kwenye kikombe.

Majivu alirudi saa sita, mkia chini. Janeth alimchapa fimbo, kisha akamfunga. Wakati huo huo Bi Hidaya alikuwa anapandisha njia na sanduku lake la barafu. Alikuwa afisa mifugo wa kata. Siku hiyo alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa, wasipate kichaa.

"Mama Yusta, amekosa nini huyo?"

"Nimemwita tangu alfajiri hakuja."

"Lakini sasa alikuwa amekuja. Ya alfajiri hayakumbuki. Anachojua ni kwamba amerudi nyumbani, akachapwa."

Janeth akaitazama fimbo.

"Huwa unamwita wakati gani?"

"Asubuhi, nikitaka kumfunga."

"Na wakati mwingine?"

Janeth akafikiri. Hakukuwa na wakati mwingine.

Bi Hidaya akacheka kidogo. "Basi hata mimi ningekimbia. Kwake, kuitwa ni kufungwa."

"Mbona zamani alikuja hata bila kuitwa?"

"Alikuwa mtoto, anaogopa kubaki peke yake. Sasa ni kijana. Harufu ya mbuzi inamvuta kuliko sauti yako. Si mbaya, anahitaji kufundishwa upya. Anapenda nini?"

"Ukoko," Yusta alisema. "Akisikia sufuria inakwanguliwa, anakuja mwenyewe."

"Mwalimu ni wewe, basi. Mtafutieni neno jipya, ambalo halijawahi kumletea fimbo. Semeni 'hapa', na wote mseme hivyo hivyo. Anzeni ndani, hatua mbili tu. Akija, mpe ukoko, msifu, halafu mwachie aende zake."

"Nimwachie tena?" Janeth aliuliza.

"Mwachie. Ajue kuja si mwisho wa raha. Mkitoka nje, mfungeni kamba ndefu. Mwite mara moja. Asipokuja, usipige kelele, wala usimkimbize, ataona ni mchezo. Msogelee polepole, kisha mwite kutoka karibu zaidi. Akichelewa akaja, bado msifu. Na ukitaka kumfunga, usimwite. Mfuate mwenyewe na chakula."

Alimchanja Majivu, akamkuna shingo, akaondoka.

Wakaanza jikoni. "Majivu, hapa." Ukoko. "Nenda." Kisha uani, na kamba ndefu ikiburuta kwenye majani yenye umande. Jioni moja Janeth aliita akiwa mbali, Majivu akaendelea kunusa shimo la fuko. Janeth akavuta pumzi aite tena.

"Mama, mara moja," Yusta alinong'ona.

Janeth akacheka, akamsogelea mbwa. Wakarudi kwenye umbali mfupi, wakaanza tena.

Mahindi yakatoa mbelewele. Kamba ikafunguliwa. Asubuhi, Majivu alisubiri mlangoni, na Janeth alipomfuata na ukoko mkononi, hakukimbia tena.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mzito. Mama na mtoto walikuwa uani, Majivu hajafungwa. Njiani kengele ikalia. Mzee Nassoro alikuwa anapandisha mbuzi wake, na yule mbuzi aliyechechemea alikuwa mbele, mtoto wake ubavuni.

Majivu akanyoosha shingo. Akatimka.

Mzee akainua panga lake, kisha ukungu ukawafunika wote. Janeth alifungua kinywa apige ukelele wa zamani, lakini Yusta alikuwa ameshachuchumaa.

"Majivu, hapa."

Mara moja tu. Sauti yake ndogo ikaingia kwenye weupe. Kengele ikanyamaza. Hakukuwa na bonde wala mlima wala njia, ukungu tu, na mkono wa Yusta ulionyooka ukiwa na ukoko.

Kisha pumzi zikasikika. Majivu akatokea, masikio nyuma, mkia ukicheza, akachukua ukoko kiganjani. Yusta akaushika mkanda wake wa shingo taratibu. Mbuzi wakapita mmoja mmoja.

Mzee Nassoro alishusha panga. "Huyu ndiye yule yule?"

"Ndiye, mzee," Janeth alijibu.

"Hm." Alimtazama Majivu. "Jioni mtume Yusta achukue maziwa. Aje na mbwa wake tu."

Akawafuata mbuzi. Kengele ikaenda, ikaenda, mpaka isisikike tena. Janeth aliutazama mnyororo uliokuwa ukutani, akauacha hapo hapo. Yusta akafungua vidole vyake kwenye mkanda.

"Nenda ukacheze," alisema.