Bahasha Iliyochelewa

Kila siku akitoka shule, Kirsty Ormerod alivua viatu mlangoni ili mama yake asigombe, akateleka birika la chai, kisha akapanda chumbani kwake kupuliza tarumbeta kwa nusu saa. Jirani wa kushoto alikuwa mzito wa kusikia na wa kulia alikuwa mstaarabu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kugonga ukuta.

Tarumbeta yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa mali ya bendi ya vijana ya mji wao wa Accrington, Uingereza, na kibonyezo chake cha pili kilikwama kila baridi ilipozidi. Kirsty aliishukuru bendi kwa kumwazima. Hata hivyo, anayevaa nguo za kuazima hakosi siku akatamani kuvaa zake, na Kirsty, akiwa na miaka kumi na mitatu, alitamani sana.

Baba yake, Derek, alikuwa fundi wa mabasi. Mama yake, Janice, alipika katika jiko la hospitali. Hawakulala njaa, lakini pesa ya tarumbeta haikuwa imekaa mahali ikisubiri kuchukuliwa. Ndipo mwezi wa Machi baba akaja na mpango wake.

Wakati huo kampuni za kadi za mkopo zilikuwa zikituma barua kila wiki: hamishia deni lako kwetu, au kopa pesa taslimu, mwaka mzima bila riba. Watu wengi walizitupa barua hizo jalalani. Derek alizisoma mpaka maandishi madogo ya chini, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Sikilizeni," alisema wakiwa mezani wanakula pai ya nyama na viazi. "Hawa wananipa paundi elfu sita kwa mwaka mmoja, bila riba. Mimi sizigusi. Naziweka kwenye akaunti ya akiba, na benki inanilipa riba. Mwaka ukiisha nawarudishia chao chote. Kinachobaki ni chetu."

"Huo si wizi, Baba?" Kirsty aliuliza.

"Wizi wa nini? Wameandika wenyewe na sahihi wameweka! Wanatumaini nitasahau kulipa, au nitazitapanya hizo pesa. Hapo ndipo wanapopata chao. Sasa mimi sisahau, wala sitapanyi."

"Jisifu tu," alisema mama. "Waambie benki wawe wanakata malipo ya kila mwezi wenyewe, Derek. Binadamu husahau."

"Mimi pesa yangu nataka niione ikitoka mlangoni, Janice. Nitaandika hundi kwa mkono wangu."

Kisha akamgeukia Kirsty. Akamweleza kuwa kila mwezi lazima walipe sehemu ndogo ya deni kabla ya tarehe iliyopangwa. Wakichelewa hata siku moja, ile ahadi ya kutotozwa riba inakufa, na riba kubwa inaanza kuhesabiwa.

"Deni hili limelala, mwanangu," alisema. "Na aliyelala usimwamshe, ukimwamsha, utalala wewe. Ndiyo maana hizo elfu sita haziguswi, hata bati la nyumba likiezuliwa."

"Na faida yake ni ya nini?"

Baba akaelekeza uma wake juu, upande wa chumba cha Kirsty. "Nimechoka kusikia kile kibonyezo kikikwama."

Kirsty aliizunguka meza mbio, akamkumbatia baba yake mpaka miwani ikaangukia kwenye pai.

Miezi minane ikapita salama. Kila mwezi Derek aliandika hundi, akaitia kwenye bahasha, akabandika stempu, akaipeleka posta. Alhamisi moja mwanzoni mwa Novemba aliitwa kazini ghafla, kwa kuwa basi lilikuwa limeharibika njiani. Akampa Kirsty ile bahasha.

"Unapita posta ukienda mazoezini, sivyo? Itumbukize. Mwisho wake ni tarehe kumi na nne."

"Sawa, Baba."

Kirsty aliichomeka kwenye mfuko wa kifuniko cha sanduku la tarumbeta, mahali alipoweka karatasi za nyimbo asizozitumia. Njiani akakutana na rafiki yake Leanne, ambaye naye alipiga tarumbeta katika bendi. Leanne alikuwa na habari za mwalimu wao wa sayansi, aliyemwagikiwa na wino mbele ya mkuu wa shule. Walicheka tangu kona ya duka la chipsi mpaka ukumbini. Sanduku la posta walilipita bila hata kulitupia jicho.

Alhamisi ya tarehe kumi na sita, kiongozi wa bendi aliwaambia watoe nyimbo za Krismasi. Kirsty akatia mkono kwenye ule mfuko wa kifuniko. Karatasi zikatoka, na bahasha ikatoka nazo.

Siku ya mwisho ilikuwa imepita juzi. Jioni ile alikosea kila wimbo mpaka kiongozi akamuuliza kama anaumwa.

Walipotoka alimweleza Leanne kila kitu. Leanne alisikiliza huku akitafuna chipsi.

"Sasa unalia nini? Itumbukize leo. Baba yako akiuliza, mwambie uliipeleka siku ileile. Posta ndio wamechelewesha. Kwani ni mara ya kwanza posta kuchelewesha barua?"

"Atajua."

"Atajuaje? Atamlalamikia yule mzee wenu wa barua, basi, imekwisha."

Maneno yale yalikuwa matamu kama sukari. Kirsty alivuka barabara mpaka kwenye sanduku jekundu la posta, akaisukuma bahasha kwenye tundu lake. Nusu iliingia, nusu alibaki ameishika kwa vidole viwili.

Yule "mzee wao wa barua" alikuwa na jina. Aliitwa Bwana Clegg. Alileta barua mtaani kwao tangu Kirsty hajazaliwa, na goti lake moja lilikuwa bovu. Msimu wa theluji, Kirsty alipoanguka barabarani akaumia kifundo, ni yeye aliyembeba mpaka nyumbani, pamoja na goti lake bovu na mfuko wa barua begani. Sasa baba angemsubiri mlangoni na kumsemesha kwa ukali, na mzee wa watu asingejua hata kosa lake ni lipi.

Akaivuta bahasha ikatoka.

"We' mjinga kweli," Leanne alisema, lakini kwa sauti ya chini. Halafu akaongeza, "Nikusindikize?"

"Nenda tu. Nitakwenda mwenyewe."

Baba alikuwa jikoni akinawa mikono kwa sabuni ya unga kuondoa grisi. Mama alikuwa akimenya viazi. Kirsty aliiweka bahasha mezani, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mtoto mchanga.

"Baba, sikuituma. Niliisahau. Nimeiona leo hii mazoezini."

Derek aliitazama bahasha. Maji yaliendelea kumwagika bombani. Mama ndiye aliyeyafunga.

"Leo tarehe ngapi?" baba aliuliza, ingawa kalenda ilikuwa mbele ya uso wake.

"Kumi na sita."

Alivuta kiti akakaa. Kirsty alisubiri kelele. Alijiandaa hata kunyang'anywa tarumbeta ya bendi. Baba akajipangusa mikono kidole kimoja kimoja.

"Nilitaka kudanganya," Kirsty alisema, machozi yakimshinda. "Nilitaka kusema posta wamechelewesha. Nilishaifikisha kwenye sanduku kabisa."

"Na nini kilikuzuia?"

"Ungemgombeza Bwana Clegg."

Mama aliweka kisu chini. "Derek," alisema, "nilikwambia benki wakate wenyewe."

"Uliniambia," baba alijibu. "Uliniambia, na nikajifanya kichwa kigumu. Kirsty, kaa. Umesahau bahasha, hilo ni kosa lako. Kutegemeza mpango mzima juu ya bahasha moja ni kosa langu. Kila mtu abebe lake, na langu ni zito zaidi."

Asubuhi, kabla ya kwenda gereji, baba aliipigia simu kampuni ya kadi, Kirsty akiwa kando yake na sare ya shule. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole, lakini hakuwa na njia. Ahadi ya kutotozwa riba ilikuwa imefutwa. Kulikuwa na faini ya paundi kumi na mbili, na riba ilishaanza kuhesabiwa kila siku, mpaka deni lote litakapolipwa.

"Basi nalipa lote," Derek alisema. "Leo."

Yule mwanamke akamwomba arudie. Pengine hakuzoea kusikia jibu hilo.

Pesa zilikuwapo. Baba hakuwa amezigusa hata siku gari lao lilipokufa barabarani na akaenda kazini kwa miguu majuma mawili. Zilitoka kwenye akaunti ya akiba, zikafika Jumanne, na deni likafungwa. Baba akapiga hesabu nyuma ya ile ile bahasha. Akiba ilikuwa imezaa paundi mia moja sitini na mbili. Faini na riba za siku zile chache zilikula ishirini na nane. Zikabaki mia moja thelathini na nne.

"Tarumbeta niliyoiona, iliyotumika lakini nzuri, ni mia mbili na hamsini," alisema. "Hatujafika. Lakini hatujazama, na hilo ni la kushukuru."

"Zilizobaki nitazitafuta mimi," Kirsty alisema.

Jumamosi alimsubiri Bwana Clegg kwenye lango. Hakulazimishwa na mtu. Alimweleza jinsi alivyokaribia kumsingizia, akiwa anatazama viatu vyake. Mzee aliegemea lango, akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani ningekula lawama mlangoni kwenu, na mbwa wa pale chini naye ananisubiri aning'ate! Asante, binti, umeniokoa na moja." Kisha akauliza, "Unaamka saa ngapi?"

"Mapema, nikitaka."

"Basi utake. Bwana Rafiq wa duka la magazeti anatafuta mtu wa kusambaza mtaa huu. Nitamwambia ninamjua mtoto asiyesema uongo. Kuamka ni shughuli yako."

Kuanzia wiki iliyofuata, Kirsty aliamka saa kumi na mbili na nusu, akavaa glavu mbili mbili, akapeleka magazeti nyumba arobaini na moja kabla ya shule. Wiki ya kwanza vidole vilikufa ganzi na mabega yakamuuma. Asubuhi moja ya mvua Leanne alimwona amelowa chapachapa, akamcheka, "Tarumbeta gani hiyo, ya dhahabu?" Kesho yake akaja kumshikia mfuko. Bikizee wa nyumba namba tisa alimwachia biskuti dirishani kila Ijumaa. Kwa wiki alilipwa paundi kumi na mbili, na wiki kumi zilipotimia, mwishoni mwa Januari, pesa zilitosha na nne zikabaki.

Baba alimpeleka dukani. Kirsty aliipokea tarumbeta, akabonyeza vibonyezo vyote vitatu, vyote vikarudi juu bila kukwama.

"Asante, Baba," alisema. "Kwa kutonigombeza siku ile."

"Mimi ndiye wa kushukuru," Derek alijibu. "Ungenyamaza, ningengoja barua yao ya kunidai, na riba ingekula faida yote huku mimi nikisaga meno kwa Bwana Clegg. Akili za kutengeneza pesa nilikuwa nazo, mwanangu, na bado tuliteleza. Kila mtu huteleza. Kinachomwinua aliyeteleza ni kusema kweli mapema, kabla kosa halijaota mizizi, halafu kukunja mikono ya shati na kulifanyia kazi. Hayo mawili umeyafanya wewe, wala hukufundishwa na mtu. Haya, tupigie kidogo."

"Hapa dukani?"

"Kwani umeiba?"

Kirsty alivuta pumzi. Muuza duka alizima redio, na mama mmoja aliyekuwa akichagua gitaa akageuka kusikiliza.