Kosa la Ukurasa wa Kwanza

Kila Jumapili jioni meza ya kulia chakula iligeuka kiwanda. Mama aliketi upande mmoja na kompyuta yake. Chiriku, bintiye wa miaka kumi na miwili, aliketi upande wa pili na rundo la karatasi zilizotoka kuchapishwa, akizikunja katikati na kuzikandamiza kwa ngumi kana kwamba zimemtukana.

"Polepole," mama alisema bila kuinua macho. "Hizo zinasomwa na watu."

"Watu gani? Dukani wanafungia misumari."

Mama aliendelea kuandika, na utulivu huo ulizidi kumuudhi Chiriku. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini mwaka ule maneno yake mengi yalikuwa ya kuchoma, na yote yalimlenga mama.

Zamani mama alikuwa meneja wa mawasiliano katika kampuni kubwa ya simu. Alikuwa na ofisi yenye zulia na gari la kumpeleka kazini. Siku moja alirudi nyumbani na sanduku la vitu vyake, akasema amechoka kuandika asichokiamini. Wakahamia nyumba ndogo, Chiriku akahamishwa shule, na mama akaanzisha jarida la kila wiki la mtaa: bomba lililopasuka, saa za zahanati, mtoto aliyepotea, taa za barabarani zisizowaka. Watu walilisoma, lakini hawakuacha kumkejeli. Walimwita Bi Habari. Shuleni wenzake Chiriku walimwita Kijarida, na kila aliposikia jina hilo alimchukia aliyelisema, akalichukia jarida, na siku nyingine akamchukia hata mama.

Wiki ile jarida lilikuwa linakaribia kutimiza mwaka. Shule zilikuwa zimefungwa. Ijumaa mchana mama alimwambia, "Nimesikia zahanati inataka kubadilisha siku ya chanjo za watoto. Nenda kamuulize muuguzi mkuu. Usiulize mtu mwingine."

Chiriku alitoka akiburuta miguu. Jua lilikuwa kali na zahanati ilikuwa ng'ambo ya soko. Kwa nini aunguzwe na jua kwa ajili ya karatasi ambazo hakuna aliyemwomba mama aziandike? Akaingia kwa rafiki yake, akakaa kibarazani wakipiga soga hadi jua likapoa, kisha akarudi nyumbani.

"Umemuona muuguzi?"

"Nimemuona. Amesema ni Jumanne, kama kawaida."

"Amesema mwenyewe?"

"Mama, si nimeshakwambia? Au nimwite aje aape?"

Mama alimtazama kidogo, kisha akaandika: Chanjo ni Jumanne, kama kawaida.

Jumanne kabla ya saa sita mchana, mlango uligongwa kwa nguvu. Nje walisimama akina mama wakiwa na watoto mgongoni na nyuso zilizokunjamana. Mbele yao alikuwa mshonaji wa mtaa wa pili, mama wa mapacha, mmoja akilia begani na mwingine mgongoni.

"Bi Habari, toka," alisema. "Nimefunga cherehani nikaacha nguo za watu. Tumekaa juani tangu asubuhi, tunaambiwa chanjo imehamishiwa Alhamisi. Ulitaka kutuchezea?"

"Mimi nimeomba ruhusa kazini," mwingine akadakia. "Alhamisi sipewi tena. Mwanangu utamchanja wewe kwa hilo jarida lako?"

Mama alivuta viatu akavaa. "Taarifa ile ilihakikishwa," alisema kwa sauti kavu. "Mwanangu mwenyewe alikwenda kuuliza. Twendeni zahanati. Chiriku, na wewe twende."

Chiriku aliwafuata nyuma. Alitamani njia ile isiishe.

Muuguzi mkuu, mwanamke mrefu asiye na mzaha, aliwakuta mlangoni. "Hakuna mtoto aliyekuja kuniuliza," alisema. "Tangazo liko ukutani tangu Alhamisi iliyopita. Ungelikuta mwenyewe kama ungeinuka kwenye kiti chako."

"Labda umesahau," mama alimjibu. "Unaona watu wengi. Binti yangu hawezi kunidanganya katika jambo kama hili."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

"Ninachosema ni kwamba namwamini mwanangu."

"Basi kuanzia leo hilo karatasi lako lisibandikwe hapa. Na nitawaandikia wakubwa wangu kwamba unapotosha watu."

Wanawake wakaanza kuguna. Mshonaji akasonya. Chiriku alimwona mama amesimama peke yake, shingo imenyooka, akiutetea uongo asioujua. Angenyamaza, muuguzi angeonekana mwongo. Angenyamaza, jarida lingekufa, kama alivyolitamani mwaka mzima. Ajabu ni kwamba sasa hakulitamani tena.

"Sikuja," alisema.

"Sema wasikie," muuguzi alimwambia.

"Sikuja kuuliza. Nilikwenda kwa rafiki yangu. Jumanne niliitoa kichwani."

Mama hakumgombeza. Aligeuka tu akamtazama, na Chiriku angependa kuchapwa kuliko kutazamwa vile.

"Nisamehe, dada," mama alimwambia muuguzi. "Nimekuvunjia heshima mbele za watu. Na nyie wenzangu, nimewapotezea siku. Kosa ni langu, kwa sababu jina lililo juu ya jarida ni langu."

"Samahani haichanji watoto," mshonaji alisema. Mama akakubali kwamba ni kweli. Akamwomba muuguzi afikirie wale ambao Alhamisi hawatapata ruhusa. Muuguzi alinung'unika sana, lakini mwishowe akasema watakaoshindwa waje Jumamosi asubuhi, na wasichelewe.

Nyumbani mama alifungua makala aliyokuwa ameiandaa kuhusu mwaka wa kwanza wa jarida. Ilijaa shukrani na mafanikio. Akaifuta yote. Juu ya ukurasa wa kwanza akaandika kosa, siku sahihi, na ombi la msamaha.

"Usiandike mbele hivyo," Chiriku alisema kwa unyonge. "Watatucheka."

"Watacheka, ndiyo. Kule kampuni, simu zikikatika mji mzima, niliandika kwamba tunaboresha huduma. Wateja wakikatwa salio bila sababu, niliandika kwamba tunafuatilia. Kuficha makosa ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilipandishwa cheo kwa hilo. Niliondoka ili nisiifanye tena. Leo nimejikuta nimesimama pale nikimwita mwenzangu mwongo."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako. Hukupenda jarida, ungeniambia hupendi, tungegombana yakaisha. Lakini ukisema umeuliza na hukuuliza, kuna mtu usiyemjua anayebeba mtoto juani kwa neno lako. Anayesema asichokijua anawatwisha wengine mzigo wake."

Toleo la wiki hiyo Chiriku alilisambaza mwenyewe, akibisha hodi mlango hadi mlango na kusema kosa lilikuwa lake. Wengine walipokea bila kumtazama. Mshonaji alimfungia mlango usoni. Zahanati alikwenda mwisho, miguu ikiwa mizito.

Muuguzi alisoma ukurasa wa kwanza wote, akachukua gundi, akaubandika ukutani.

"Wiki ijayo tunapima macho," alisema bila kutabasamu. "Unataka kujua siku?"

"Nataka."

"Basi uliza."

Chiriku akauliza.