Msimvute Shangazi Roda

Kila Jumamosi alfajiri Musimbi alibeba sinia la njugu karanga, akaenda kuuza katika uwanja wa Malinya, mahali mafahali walipopiganishwa. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, naye alikuwa darasa la sita. Biashara aliipenda, waliomchosha ni wanunuzi. Wengine walionja, wakaonja tena, kisha wakaenda zao wakipangusa midomo.

Jumamosi moja fahali wa kijiji chao alishinda. Wanaume waliondoka uwanjani wakiimba, ngoma ya isikuti ikitangulia, na Musimbi akafuata nyuma. Walipofika kwenye kona ya mto waliikuta pikapu imelala ubavu mtaroni. Matenga ya kuku yalikuwa yamepasuka na manyoya yametapakaa barabara nzima.

Dereva, Ishaq wa Mumias, alikuwa amejikokota nje akaketi nyasini, damu ikimchuruzika usoni. "Jamani, kuna mama ndani," alisema. "Mtazameni yeye kwanza."

Nani alimtazama? Watu walitazama kuku. Chrispinus, ambaye kila Jumapili huongoza sala mbele ya waumini, alisokomeza majogoo wawili ndani ya koti lake. Mwingine alimruka Ishaq kama anayeruka gogo, akimfukuza tetea. Musimbi aliona kinyaa, akatema mate chini, jambo ambalo mama yake angemchapia.

Akachungulia kwenye kioo kilichovunjika. Mama aliyekuwa ndani alikuwa Shangazi Roda, dada ya baba yake, muuguzi wa zahanati.

"Shangazi!" Musimbi alimshika mkono akauvuta kwa nguvu zake zote. Roda akapiga yowe.

"Acha, mwanangu, acha! Mguu umebanwa chini ya kiti, na shingo inaniuma sana. Ukinivuta utaniongezea jeraha. Nisikilize. Unasikia harufu ya petroli?"

"Naisikia, Shangazi."

"Basi zima injini. Ufunguo huo hapo. Kisha usimruhusu mtu kuja na moto."

Musimbi aliingiza mkono, akazima. Alipogeuka alimwona mzee mmoja amesimama karibu kabisa na gari, anavuta sigara yake kwa starehe.

"Baba, petroli inamwagika!"

Mzee alimkazia macho kana kwamba ameombwa shamba. Kisha akaona kidimbwi karibu na viatu vyake, akatimua mbio na sigara yake.

Sasa wale waimbaji wakajipanga kando ya gari, wananuka pombe ya busaa, wanacheka. "Sisi tunainuanga fahali akianguka mtaroni," alisema Mukhwana, mpiga ngoma. "Hii gari ni nini? Ngoma ikilia, inueni!"

Ngoma ikalia. Wanaume wakainua kwa wimbo, wakashusha, wakainua tena. Kila gari lilipoyumba Roda alilia kwa uchungu, lakini wimbo ulimeza kilio chake. Musimbi alipiga kelele, nani angemsikia? Aliwachukia wote, vicheko vyao na jasho lao. Watu wazima kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuuliza yule mama amebanwa wapi!

Akaona kwamba wale hawafuati maneno, wanafuata ngoma. Akamkimbilia Mukhwana, akaikumbatia ngoma na kuifunika ngozi yake kwa viganja vyote viwili. Mukhwana akampiga vidoleni. Musimbi hakuiachia.

Ngoma iliponyamaza, mikono ikasimama. Ndipo kila mtu akasikia kilio cha Roda.

"Mnamsikia?" Musimbi alisema. "Mnamuua huku mnaimba!"

Roda akaanza kusema kutoka ndani, na Musimbi akarudia kila neno kwa sauti. Wakalete ile miti ambayo wachimba dhahabu hutegemezea mashimo yao, na mtaimbo mmoja. Gari likazwe kwanza lisiyumbe. Protus, mchimbaji, alikimbia akarudi na wenzake wamebeba miti, ubao na mtaimbo begani. Walipokwisha kulitegemeza gari, Musimbi alipenya ndani akakishika kichwa cha shangazi yake kwa mikono miwili kisigeuke. Protus akakinyanyua kiti taratibu kwa mtaimbo, mguu ukatoka. Wakamtelezesha Roda juu ya ubao, mwili umenyooka. Mwanamke mmoja akamfunga Ishaq kichwa kwa leso safi, kisha lori lililokuwa likipita likawapeleka wote wawili hospitalini Kakamega.

Juma lililofuata wanaume walikuja wodini wamevaa vizuri, wakingoja kushukuriwa. Chrispinus hakuja. Musimbi alikuwa ameketi kitandani kwa shangazi yake, na hakuwaamkia kwa furaha.

"Mama, tulijitahidi kukuokoa," alisema Mukhwana.

"Asanteni kwa kuja," Roda alijibu. "Lakini nitawaambia ukweli, na watoto wenu mkawaambie. Mtu aliyenaswa garini havutwi ovyo, na gari halisukumwi yeye akiwa ndani. Tazama kwanza. Zima injini, weka moto mbali, tegemeza gari, itisha msaada. Kama ni lazima kumtoa, mtoe polepole, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Na mali ya majeruhi haiguswi. Huo ni unyama."

Mukhwana aliinamisha kichwa. "Tulifikiri nguvu zinatosha, mama."

"Nguvu zenu," alisema Roda, akaushika mkono wa Musimbi, "ndizo zilizokaribia kuniua, na huyu mtoto ndiye aliyeniokoa."