Baiskeli ya Umeme Isiyo na Namba

Ayub alikuwa muuza mikate mjini Voi. Kila alfajiri, baada ya swala, alikwenda kwenye tanuri lililo karibu na soko, akajaza mikate kwenye kreti na kuifunga nyuma ya baiskeli yake. Kisha alizunguka na kuigawa kwenye vioski, kuanzia mtaa wa Kaloleni hadi njia ya kupanda Mbololo. Mkewe, Nasiha, alishona nguo barazani. Akiwa kwenye cherehani yake alimwona kila apitaye, na wengi wao hakuwaamini.

Nasiha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuuliza tu. Akiletewa maziwa, aliuliza yalikamuliwa lini. Akiambiwa kitambaa hakichuji rangi, alikilowesha kwanza. Kwa hiyo siku Ayub alipokuja nyumbani na baiskeli ambayo mtaani hakuna aliyewahi kuona mfano wake, Nasiha aliweka mkasi chini, akaizunguka.

Ilikuwa nzito. Ilikuwa na pedali kama baiskeli nyingine, lakini tairi zake zilikuwa nene, na katikati palikuwa na boksi jeusi la betri. Ayub aliipanda, akazungusha kishikio cha usukani, na baiskeli ikaondoka yenyewe. Haikunguruma. Haikutoa moshi. Ilikwenda hadi mwisho wa mtaa kwa kasi ya pikipiki, kisha ikarudi. Kuku waliokuwa njiani hawakuisikia mpaka ilipokuwa juu yao.

Ayub alieleza huku akicheka kwa furaha. Aliyemuuzia ni Maundu, fundi aliyekuwa akimfanyia kazi mhandisi mmoja wa kigeni kwenye mradi wa maji. Mhandisi alirudi kwao akamwachia Maundu ile baiskeli. Inachajiwa kwa umeme wa nyumbani. Kilima cha Mbololo inakipanda na kreti ya mikate bila mtu kutoa jasho.

"Na karatasi zake?" Nasiha aliuliza.

"Karatasi za nini, Mama Jannat? Hii ni baiskeli. Haitumii petroli. Maundu amesema baiskeli haitaki leseni wala namba."

Nasiha aliinama akaligusa boksi la betri. Alijiuliza, kama kitu hiki ni kizuri hivyo, mbona Maundu amefanya haraka kukiuza? Na kama kweli alipewa zawadi, nani alishuhudia?

Wiki chache zilipita. Mikate ilifika mapema na wateja wakaongezeka. Lakini Nasiha aliona mambo mawili yaliyomsumbua.

Jambo la kwanza lilikuwa mumewe mwenyewe. Zamani Ayub alirudi kwa barabara kuu. Sasa alirudi kwa njia ya nyuma, kando ya reli, nguo zimejaa vumbi na miba ya mkonge. Alipoulizwa, alisema ni njia ya mkato. Nasiha aliijua njia ile tangu utoto. Haikuwa ya mkato hata kidogo. Alianza kufikiri kwamba huko nyuma ya reli kuna mwanamke anayemwendea. Alinusa mashati yake. Alimuuliza maswali ya mtego wakati wa chakula. Mwisho Ayub alichoka, akasema kwamba Maundu alimshauri asipite karibu na kituo cha polisi.

"Kama ni baiskeli tu," Nasiha alisema, "unawakimbia polisi kwa nini?"

Ayub alikunywa chai yake.

Jambo la pili lilikuwa jirani mpya aliyehamia nyumba ya ng'ambo. Aliitwa Gibson, mtu wa milimani, kutoka upande wa Wundanyi. Alikuwa amestaafu kazi ya polisi wa trafiki na sasa alifundisha watu kuendesha magari na pikipiki. Kila Ayub alipopita, Gibson aliacha alichokuwa akifanya na kuitazama ile baiskeli, hasa upande wa nyuma. Nasiha aliamini kwamba mzee huyo anangoja siku nzuri ya kuja kuomba chai, nayo si ile ya kwenye kikombe. Akaacha kumsalimia.

Asubuhi moja Ayub alikuwa akirudi kwa njia ya reli. Pale njia inapopinda, ua wa mkonge ni mrefu na mtu haoni mbele. Mama mmoja, Syokau, mkulima wa Mbololo, alitokea upande wa pili akiwa na dumu la maziwa. Hakusikia mlio wowote, kwa hiyo hakusimama wala hakugeuka. Ayub alipomwona, alikuwa ameshachelewa. Alikamata breki, baiskeli ikateleza, ikampiga mama yule mguuni.

Ayub hakukimbia. Alimfunga mguu kwa shati lake, akaita watu, wakambeba mpaka hospitalini. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Syokau alilala kitandani akirudia maneno yale yale, "Sikusikia kitu. Wallahi, mwanangu, ningesikia ningepisha." Ingawa alikuwa Mkristo, alikuwa ameishi na majirani Waislamu maisha yake yote, na neno hilo lilimtoka lenyewe. Ayub alilia mbele yake kama mtoto.

Jioni hiyo Maundu alikuja nyumbani. Nasiha alikuwa nyuma ya pazia. Maundu alizungumza kwa sauti ya chini. Alimshauri Ayub aitoe betri na kuifukia shambani. Polisi wakija, aseme alikuwa akipiga pedali.

"Mama mwenyewe hakusikia injini," Maundu alisema. "Nani atathibitisha kwamba ilikuwapo?"

Nasiha alifungua pazia akatoka. Alimwambia Maundu kwamba kitu halali hakifukiwi ardhini. Kisha akamwonyesha mlango. Maundu alipoondoka, mume na mke walitazamana. Ayub alisema hajui la kufanya. Anaogopa kufungwa. Anaogopa pia ndugu za Syokau. Nasiha alijitanda mtandio wake, akavuka njia, akapiga hodi kwa mtu ambaye hakumwamini.

Gibson alimkaribisha ndani. Nasiha hakuketi. Alimuuliza moja kwa moja anataka nini ili awasaidie.

"Kwanza niambie," Gibson alisema, "huyo mama alifikishwa hospitali?"

Nasiha alisema ndiyo. Gibson akashusha pumzi, akamvutia kiti. Hapo Nasiha aliketi, lakini ukingoni. Alimuuliza kwa nini siku zote aliikodolea macho baiskeli yao.

"Nilikuwa natafuta namba," Gibson alisema. "Sikuiona. Mara mbili nilitaka kuja kuzungumza na mzee wako. Lakini ulikuwa ukiniona unaingia ndani."

Ayub alifuata baadaye, na Gibson akawaeleza polepole. Alisema sheria haiulizi kama chombo kinanguruma au kinanyamaza. Haiulizi kama kinakunywa petroli au kinatumia umeme. Inauliza nani anakisukuma.

"Baiskeli inasukumwa na miguu yako," alisema. "Hii yako inajisukuma kwa mota. Ukiweka miguu juu, bado inapanda Mbololo. Basi hiyo ni pikipiki, hata kama ina pedali mia. Na pikipiki ina masharti yake."

Aliyataja bila kusoma popote. Chombo lazima kisajiliwe, kiwe na namba na kitabu chenye jina la mwenyewe. Lazima kikaguliwe breki na taa. Lazima kiwe na bima, ili mtu akiumizwa apate kulipwa. Mwendeshaji lazima awe na leseni ya pikipiki. Anayejifunza hupewa leseni ya muda, huweka alama ya mwanafunzi mbele na nyuma, na habebi abiria. Kofia ngumu aivae kila safari, kwa sababu kichwa hakina spea.

"Na hii ajali?" Ayub aliuliza.

"Mtu akiumia, unasimama, unamsaidia, halafu unaripoti polisi siku hiyo hiyo. Mawili ya kwanza umeyafanya. La tatu bado. Twende sasa hivi, na betri ikiwa mahali pake."

Nasiha alimtazama usoni akitafuta hila. Hakuiona, lakini alisema naye atakwenda. Walikwenda wote watatu, Ayub akiikokota ile baiskeli kwa mkono. Kituoni Ayub alieleza kila kitu. Nasiha alisimama karibu na meza, akafuata kila neno lililoandikwa, akaomba lisomwe tena. Baiskeli ilibaki kituoni.

Kesho yake alikuja Makau, mtoto mkubwa wa Syokau, pamoja na jamaa zake. Walikuwa wamenuna. Mtu fulani, na Nasiha alimjua ni nani, alikuwa amewaambia kwamba betri imefukiwa. Makau hakutaka kuketi. Alisema amekuja kuona shamba limechimbwa wapi.

"Betri iko polisi, ndani ya baiskeli," Nasiha alimwambia. "Nenda ukaione kwa macho yako. Mimi pia nisingeamini maneno ya mtu nisiyemjua."

Makau alikwenda. Aliporudi, alikuja peke yake, akakubali maji ya kunywa.

Kesi ilisikilizwa. Ayub alikiri kuendesha chombo kisichosajiliwa, bila leseni na bila bima. Hakimu alisema kuripoti mwenyewe kumemsaidia, lakini akamtoza faini. Lililouma zaidi lilikuwa matibabu. Kama kungekuwa na bima, ingebeba mzigo huo. Kwa kuwa haikuwapo, uliwaangukia wao. Cherehani ya Nasiha iliuzwa. Siku ilipochukuliwa, Nasiha alikaa barazani mikono mitupu, asijue pa kuiweka. Alianza kushona kwa sindano, vifungo na pindo, ili siku zisogee.

Ayub alisema afadhali waiache baiskeli ioze kituoni. Nasiha alikataa. Alisema wameshamuumiza mtu kwa sababu ya kutojua. Wakiiacha sasa, watakuwa wameumia bure. Basi walianza kufuatilia. Ofisi ya mradi huko Mombasa ilithibitisha kwamba mhandisi alimpa Maundu kile chombo, lakini kilikuwa kimeingia nchini bila kulipiwa ushuru, na Maundu hakutaka kuulipa. Ndiyo maana alikiita baiskeli, na ndiyo maana alikuwa na haraka. Ayub aliulipa kidogo kidogo. Karani wa usajili alishangaa, kwa kuwa fomu ilitaka ukubwa wa injini na hapakuwa na injini ya kupima. Swali lilipelekwa Nairobi. Jibu lilichukua muda mrefu, lakini lilikuja. Isajiliwe kama pikipiki.

Wakati huo Ayub alikuwa akijifunza kwa Gibson, akitumia pikipiki ya skuli ya udereva. Siku moja mwanamume mwenye suti ya Kaunda alimsimamisha Ayub nje ya skuli. Alisema anaweza kumpatia leseni bila mtihani. Nasiha alikuwapo.

"Ikikaguliwa, jina lake litaonekana kwenye rekodi ya serikali?" aliuliza. "Na wewe unaitwa nani, unakaa wapi, ofisi yako ni ipi?"

Yule bwana alitazama saa yake, akasema anachelewa mahali.

Mtihani ulipofika, Ayub alishindwa. Nasiha alipandwa na hasira. Aliona wazi kwamba mtahini alitaka kupewa kitu. Alikwenda kwa Gibson kumwambia kwamba amegundua mchezo wao. Gibson hakukasirika. Alimwita Ayub, akamwomba aeleze alivyokata kona ya mwisho. Ayub alieleza. Alitoa ishara ya mkono, akapunguza mwendo, akakata.

"Ulitazama nyuma kabla ya kukata?" Gibson aliuliza.

Ayub alinyamaza. Hakutazama. Nasiha alijua mumewe anaponyamaza vile maana yake nini, naye hakumtaja mtahini tena. Kuanzia siku hiyo, hata wakitembea kwa miguu kwenda sokoni, alimwambia, "Tazama nyuma, Baba Jannat," mpaka akazoea. Mara ya pili alifaulu.

Pikipiki ilitoka kituoni ikiwa na namba, stika ya bima na honi mpya. Gibson alisisitiza honi, kwa sababu chombo kimya lazima kijitangaze. Mikate ikaanza tena kufika mapema. Biashara ilipotengemaa, cherehani nyingine, kuukuu lakini nzima, iliwekwa barazani.

Jumamosi moja walikwenda Mbololo kumjulia hali Syokau, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo na alishaanza kuwagombeza wajukuu zake akiwa wima. Nasiha alikaa nyuma, kofia ngumu juu ya mtandio, kifurushi cha mikate mapajani. Walipita barabara kuu, mchana kweupe.

Kabla ya njia panda palikuwa na kizuizi cha polisi. Askari aliinua mkono. Ayub alisimama. Askari alizunguka chombo kile, akainama, akasikiliza, akaguna.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni pikipiki, afande," Ayub alisema. "Ya umeme."

Askari aliomba leseni, akapewa. Akaangalia namba, stika ya bima, breki, taa. Alizunguka mara ya pili. Nasiha alimfuata kwa macho. Aliwajua watu wa namna hii. Alingoja lile neno ambalo lazima litakuja, la kwamba jua ni kali na koo limekauka. Alikuwa na jibu lake tayari.

Askari alimrudishia Ayub leseni yake.

"Nendeni salama," alisema, akageukia lori lililofuata.

Nasiha alibaki na jibu lake mdomoni. Ayub alitazama nyuma, akapiga honi, wakaondoka.