Kijiti Ndani ya Kitabu cha Mwalimu

Maiti ya Mwalimu Gichuru ililala kifudifudi kati ya meza na jiko. Pasi ya makaa ilikuwa imeanguka karibu na bega lake, kifuniko wazi, majivu yamemwagikia shati jeupe alilokuwa akilipiga pasi. Damu ilikuwa imekwisha kuganda.

Inspekta Khamala alisimama mlangoni akaangalia. Hakuhisi kitu. Kazi ya kuokota maiti ilimtia ganzi kidogo kidogo, na tangu alipomzika mkewe mwaka uliopita, wa sabini na tatu, ganzi hiyo ilikuwa imemwenea mwili mzima. Alikula, alilala, alikuja kazini. Basi.

"Nani aliyemwona kwanza?"

"Oloo, kinyozi wa hapo ng'ambo," alijibu Sajini Mulei. "Alikuja asubuhi kusoma, akakuta mlango umerudishiwa tu."

"Kusoma nini?"

Mulei alionyesha kitabu kilichofungwa juu ya meza, riwaya nene ya Kiswahili ambayo jalada lake lilikuwa limeshonewa kitambaa cha gunia.

Kawangware yote ilikijua kitabu hicho. Gichuru alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyeji wa tangu zamani, na ploti yake ilikuwa na vyumba vya kupangisha. Mjane, mtu wa watu, ila kwa usafi alikuwa msumbufu kupita kiasi. Angeweza kumsimamisha mgeni nje mpaka apanguse viatu mara mbili. Kila siku aliacha mlango wazi, na aliyetaka kusoma aliingia akasoma. Masharti yake yalijulikana. Kitabu hakitoki chumbani. Hakuna kukunja pembe ya ukurasa. Kila msomaji aje na alama yake mwenyewe ya pale alipofikia, na alama ya mwenzako huigusi.

Khamala alivaa glovu akafungua kitabu. Karibu na mwanzo palikuwa na unyoya wa kuku. Mbele yake, karatasi ya wembe iliyokunjwa vizuri. Kisha, zikiwa zimebaki kurasa chache kitabu kiishe, kijiti cha kiberiti kilichoungua kichwa.

Kando ya kitabu kulikuwa na vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kutoka kalenda ya zamani. Kila kimoja kiliandikwa jina kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa mwalimu: Wesonga. Oloo. Nanyama.

"Hizi nazo ni za nini?" Mulei aliuliza.

"Sijui bado," Khamala alisema, huku akiendelea kufunua kurasa polepole.

Katikati ya kitabu alisimama. Kurasa mbili zilikuwa zimerukiwa na damu, maana yake kitabu kilikuwa wazi hapo mwalimu alipopigwa. Lakini kilichomshtua, kama alikuwa bado ana cha kushtuka, ni kurasa zilizofuata. Kila moja ilikuwa na alama ya kidole gumba kwenye pembe ya chini. Ya kwanza nyekundu iliyoiva, ya pili hafifu, ya tatu hafifu zaidi, mpaka ikabaki doa la manjano, na doa hilo likaendelea hadi kwenye kijiti. Mate yalikuwa yamevuruga mistari ya kidole, haikufaa kupimwa.

"Mulei, aliyemuua huyu mzee hakukimbia. Alikaa hapa, akalamba kidole, akafunua kurasa akisoma."

"Na maiti iko chini?"

"Iko hapo hapo ilipo sasa."

Mulei alijikuna shingo. "Huyo si mtu, mzee."

"Ni mtu," Khamala alisema. Alilijua hilo vizuri kuliko alivyotaka. Siku ya mazishi ya mkewe yeye mwenyewe alirudi nyumbani akapiga viatu vyote rangi, hata gumbuti, bila kujua anafanya nini.

*

Kituoni walikuwa wameshapata mtu. Mkuu wa kituo hakupenda kesi zichelewe.

"Wesonga, mchinja kuku wa sokoni," alisema. "Ameonekana jana alasiri akitoka kwa marehemu, koti lina damu. Na juzi walikuwa wakigombana watu wakisikia. Jumatatu tunampandisha kortini kwa mauaji."

"Damu imepimwa?"

"Mkemia wa Serikali atajibu akipata nafasi. Wewe unataka nini zaidi, Khamala?"

Kesi ya mauaji mwisho wake ni kitanzi, kila mtu alijua. Nje ya kituo mke wa Wesonga, Jentrix, alikuwa ameketi kwenye nyasi na sufuria ya uji mapajani, na hakuna aliyekuwa amemruhusu kuuingiza. Khamala alimpita. Kisha akarudi, akachukua sufuria ile, akaipeleka seli yeye mwenyewe.

"Afande, hiyo damu ni ya kuku, walai!" Wesonga alianza kabla hajaulizwa.

"Mligombania nini?"

"Manyoya. Ati upepo unapeleka manyoya yangu kwa kiwanja yake. Mwalimu alikuwa hivyo. Tunagombana Jumatatu, Jumanne tunakunywa chai."

"Jana ulienda kufanya nini?"

"Kumpelekea maini. Alikuwa anapiga pasi. Nikaacha, nikaenda."

Khamala alimwekea gazeti la jana mbele yake. "Soma hapo."

"Afande?"

"Soma kwa sauti."

Wesonga aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alilitafuna, akalitema, akahamia la pili. Jasho lilimtoka. Alipomaliza sentensi moja uji ulikuwa umepoa, na yeye amechoka kuliko mtu aliyechinja kuku wa arusi nzima. Kama ule unyoya ulikuwa wake, ndiyo maana ulikuwa mwanzoni mwa kitabu.

"Kusoma kwako kukoje siku zote?"

"Ndiyo hivi. Mwalimu alisema nitafika tu."

Huyu hangeweza kusoma nusu ya riwaya kwa alasiri moja, hata mtu angemshikia panga. Lakini Khamala alimjua mkuu wake. Hoja kama hiyo angeicheka. Alihitaji mtu mwingine, na alihitaji kumpata kabla ya Jumatatu.

*

Oloo kinyozi alikuwa akimnyoa mteja, macho yakiwa ng'ambo kwenye mlango wa mwalimu. Mteja alionekana kujuta kuja.

"Niaje, Inspekta. Mimi nilisema yote kwa sajini."

"Nataka kitu kimoja tu. Alama za kitabuni. Unyoya ni wa nani?"

"Wa Wesonga."

"Karatasi ya wembe?"

"Yangu. Hata wenzangu wanajua."

"Kijiti cha kiberiti?"

Oloo aliinua uso. "Kijiti? Hakuna mtu wa kijiti. Tuko watu watatu kwa hiyo kitabu. Unyoya, wembe, na kamba ya Mama Wekulo."

"Nani huyo?"

"Nanyama. Alikuwa mpangaji wa mwalimu hapa, anafua nguo kwa majumba ya watu. Mtoto wake alikufa, akahamia Kibera, Laini Saba. Lakini anakujanga kusoma, anatembea tu. Yeye ndiye anasoma kutushinda sisi wote."

"Kamba gani?"

"Ya kiatu. Kamba nyeupe, kadogo hivi, imechafuka. Ya mtoto." Oloo alishusha mashine ya kunyolea. "Kwani haiko?"

Haikuwemo kitabuni.

Khamala alirudi kwa marehemu. Alichukua kichujio cha chai ukutani, akapiga magoti mbele ya jiko, akaanza kuchekecha majivu. Majivu yalipita. Vikabaki vibonge vya makaa, na katikati yake vipande viwili vidogo vya bati, vimekunjwa kama mirija, vyembamba kama punje za mchele. Ni zile ncha zinazobana kamba ya kiatu isifumuke.

Sasa alielewa karatasi za kalenda. Mwalimu alikuwa amewatengenezea wasomaji wake alama safi, kila mtu na jina lake. Alikuwa anaondoa zile za zamani, na alianza na iliyochafuka kuliko zote.

*

Chumba cha Nanyama kilikuwa karibu na reli, pale Laini Saba. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono mapajani, ngozi ya vidole imenywea kwa sabuni za watu. Alikuwa hafanyi kitu.

"Karibuni," alisema. "Chai hakuna."

"Haidhuru, mama." Khamala alibaki amesimama. Kwenye rafu, juu ya kitambaa kilichofumwa, palikuwa na viatu viwili vya mtoto. Kimoja kilikuwa na kamba yake nyeupe, imefungwa fundo la kipepeo. Cha pili kilikuwa kitupu, ulimi umelegea nje.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Baada ya kazi?"

"Nilikuja hapa."

"Hukupita Kawangware?"

"Sikupita."

Alijibu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Hakuwa anaficha kwa bidii. Alikuwa hana nguvu ya kusema kitu kirefu. Khamala aliiona sura hiyo akaitambua, maana aliinyoa kila asubuhi kwenye kioo.

"Mama Wekulo, kuna mtu tumemfungia seli. Jumatatu anapelekwa kortini kwa kumuua mwalimu. Wakimtia hatiani atanyongwa."

"Nani?"

"Wesonga."

"Wesonga gani? Wa kuku?"

"Ndiye."

Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Wesonga ndiye alibeba sanduku ya mtoto wangu. Kichwani. Mpaka makaburini, gari hatukuwa nayo." Alitupia macho viatu vya rafuni. "Mwachilieni. Ni mimi."

Mulei alitoa daftari. Khamala aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nieleze."

"Nilifika, mwalimu anapiga pasi. Akafurahi. Akasema, njoo uone, nimewatengenezea kitu. Akanionyesha karatasi iko na jina yangu. Kitabu ameshafungua pale nimefika kusoma. Nikauliza, kamba yangu iko wapi?"

"Akasemaje?"

"Akasema, ile takataka? Nimetupa kwa jiko. Akacheka. Si kwa ubaya, afande. Mwalimu hakuwa mbaya. Alifikiria amenisaidia."

"Ulimwambia ilikuwa ya nini?"

"Sikuwahi kumwambia. Hakuuliza. Wekulo alikuwa anapenda kutembea na kiatu moja haijafungwa. Namfunga, anafungua. Siku ameshikwa na homa, kamba ilibaki kwa mkono yangu." Alifungua kiganja akakiangalia. "Nikaangalia kwa jiko, bado inawaka. Nikaingiza mkono. Haikushikika, makaa yakamwagika. Mwalimu akainama kuokota makaa yasichome sakafu. Pasi ilikuwa hapo. Nikampiga."

Kwenye vidole vya mkono wake wa kulia kulikuwa na malengelenge, mapya, yanang'aa.

"Halafu?"

"Miguu ilikataa kutoka. Nikakaa. Kitabu kilikuwa mbele yangu, nikasoma."

"Ulisoma nini?"

"Sikumbuki hata neno moja."

"Na ulipoondoka uliweka kijiti. Kwa nini?"

Nanyama alimwangalia kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto.

"Ningefanya nini? Mwalimu hapendi mtu akunje kitabu."

Mulei aliacha kuandika. Treni ya mizigo ilipita, kuta za mabati zikatetemeka, na viatu vidogo vikasogea kidogo kwenye rafu. Nanyama aliinuka bila kuambiwa, akavirudisha mahali pake, kisha akanyoosha mikono ili afungwe pingu. Khamala hakuzitoa.

"Twende tu, mama," alisema.

*

Wesonga aliachiliwa jioni ileile. Jentrix alimshika mkono, wakaondoka wakiwa wamesahau sufuria kituoni.

Khamala na Mulei walibaki chumba cha vielelezo wakiorodhesha vitu vya kesi. Pasi moja ya makaa. Kitabu kimoja, jalada la gunia. Kijiti kimoja cha kiberiti, kimeungua. Mulei alifikia bahasha ndogo, akaitikisa, akaandika huku akisema kwa sauti: "Vipande viwili vya bati. Takataka za majivuni."

"Futa."

"Nifute nini, mzee?"

"Yote hiyo. Andika kamba ya kiatu cha mtoto."

"Lakini kamba yenyewe iliungua. Kuna hizi ncha tu. Wakili atatucheka."

"Acha acheke. Andika."

Mulei alifuta, akaandika upya. Khamala alichukua bahasha ili aibandike lakiri, akairudisha mezani. Kifua kilikuwa kinamwuma, maumivu hasa, ya mwili, kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi na sasa damu inaurudia. Alishika ukingo wa meza. Alitaka yapite, nayo hayakupita.

"Mzee, uko sawa?"

"Hapana," alisema Khamala, akavuta kiti, akaketi.